Wi-Fi ya ofisi inauzwa kijiweni, kompyuta ya stoo imeharibiwa: nani alipe?

BARUA

Ndugu mshauri, salaam.

Nasimamia duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Gungu, Kigoma. Tuna wafanyakazi 14, stoo upande wa Kibirizi kwa mizigo inayovuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, na tawi dogo Kasulu. Nina matatizo mawili, na nadhani chanzo ni watu walewale.

La kwanza ni intaneti. Bando la mwezi lilikuwa linatufikisha tarehe 30. Siku hizi tarehe 17 limekwisha, Kasulu hawawezi kuona stoo kuna nini, na sisi tunanunua la ziada. Juzi nimemkuta kijana wa bodaboda kwenye kijiwe cha mbele ya duka anaangalia mpira kwa Wi-Fi yetu. Anasema wanamlipa "mtu wa ndani" shilingi 500 kwa siku. Ofisini wote wanamtaja karani wa mauzo, ambaye yuko mwaka wa tatu kazini.

La pili ni kompyuta ya stoo. Wanaitumia watu watatu kwa nywila moja ambayo imebandikwa pembeni mwa skrini. Kuna aliyeingiza programu ya filamu kwa flashi. Sasa mafaili yote ya hesabu za stoo na orodha ya madeni ya wateja yamebadilika majina, hayafunguki, na kuna tangazo linalodai pesa. Fundi, pamoja na kazi ya kuandika upya kutoka kwenye vitabu vya ankara, nimekadiria 1,800,000.

Nimepanga hivi: karani aondoke Jumatatu. Wale watatu wa stoo wagawane hasara, 600,000 kila mmoja, nikate 300,000 kwa miezi miwili. Wanalipwa kati ya 420,000 na 480,000. Simu ya karani nimeifungia kwenye droo mpaka atoe nywila yake. Mdogo wangu anayejua kompyuta anakuja kesho kupiga Windows upya. Mikataba yetu ni ya ukurasa mmoja, haigusi mambo ya intaneti. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye duka, anasema nisifanye kitu kabla sijapata ushauri.

Meneja, Gungu

JIBU

Ndugu meneja,

Msikilize mama. Katika mipango yako minne, miwili ikitekelezwa kesho itaua kesi yako kabla haijaanza, na miwili mingine itakufikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukiwa wewe ndiye mdaiwa.

Anza na simu. Mrudishie leo. Ile ni mali yake, na kumshinikiza atoe nywila ili upekue ni kuingilia faragha inayolindwa na Ibara ya 16 ya Katiba. Zaidi ya hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa jinai, na simu ya mkononi haiko nje ya maana hiyo. Siku karani akienda polisi kabla yako, mtakuwa na kesi mbili, na ya kwanza ni yako. Andika karatasi ya makabidhiano: tarehe, saa, hali ya simu, saini yako, yake na ya shahidi mmoja. Usimwombe msamaha wala usimtishe, mkabidhi tu. Ukiamini kwamba ndani ya simu ile kuna ushahidi, njia yake ni kufungua malalamiko polisi. Wao wana utaratibu wa kisheria wa kuchukua na kuchunguza kifaa cha mtu. Droo yako haina.

Kesho mdogo wako asiiguse ile kompyuta. Kupiga Windows upya kunafuta mambo mawili unayoyahitaji sana. Kwanza ni kumbukumbu za nani aliingia lini na flashi gani ilichomekwa. Pili ni mafaili yenyewe. Mafaili yaliyofungwa na virusi vya kudai pesa hayajapotea moja kwa moja: mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta, unatoa bure programu za kufungua baadhi ya aina za virusi hivyo. Si aina zote, na leo ufunguo unaweza usiwepo ukaja kutoka baadaye. Kwa hiyo hifadhi mafaili pamoja na lile tangazo, maana ndilo linalosaidia kutambua aina. Wale wanaodai pesa usiwalipe. Hakuna kinachowabana wakupe ufunguo baada ya kupokea.

Kama kompyuta bado inawaka, itoe kwenye mtandao, piga picha ya skrini kwa simu, kisha izime. Kama imezimwa, ibaki hivyo. Fundi aitoe diski, anunue nyingine mpya, Windows mpya iwekwe kwenye hiyo, na stoo iendelee na kazi. Diski ya zamani iingie kwenye bahasha. Juu yake andikeni namba yake ya kiwandani, tarehe, saa, jina la aliyeitoa na la aliyeipokea, kisha bahasha ifungwe na kutiwa saini juu ya gundi. Kabla ya kuifunga, fundi atengeneze nakala kamili ya diski, na uchunguzi wote ufanyike kwenye nakala. Akimaliza, afungue dirisha la amri na kuandika certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili la nakala, kisha SHA256. Utatoka mstari wa tarakimu na herufi. Uandikeni kwenye muhtasari. Mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya nakala ile, mstari unaotoka unakuwa mwingine kabisa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotunzwa, ulivyolindwa usiguswe, na jinsi aliyeutengeneza anavyotambulika. Ile bahasha na ule mstari ndivyo vinavyojibu maswali hayo.

Kwenye nakala, fundi atazame sehemu tatu. Kumbukumbu za usalama za Windows huandika kila aliyeingia kwa namba 4624 na, kama imepangwa hivyo, aliyejaribu akashindwa kwa 4625. Faili linaloitwa setupapi.dev.log, ndani ya folda ya INF ya Windows, huonyesha mara ya kwanza flashi fulani ilipochomekwa, na mara nyingi na namba ya flashi yenyewe. Sehemu ya USBSTOR kwenye rejista ya Windows, yaani hazina yake ya mipangilio, inaorodhesha flashi zilizowahi kuunganishwa. Afanye mapema, maana kwa kawaida kumbukumbu za usalama zimepangiwa MB 20 tu. Zikijaa, mpya inafuta ya zamani. Aangalie pia saa ya kompyuta kama inalingana na saa halisi. Betri ndogo ya ndani ikichoka, tarehe hurudi nyuma, na kumbukumbu zako zitasema programu iliingizwa mwaka ambao duka halijafunguliwa.

Hapo ndipo utaliona tatizo lako halisi. Watu watatu wanaingia kwa jina moja. Namba 4624 itakuambia kwamba "stoo" aliingia saa 8:12 mchana. Haitakuambia stoo ni nani. Itabidi uoanishe na daftari la mahudhurio, zamu, na ankara zilizoandikwa dakika zilezile kwa mwandiko wa mtu. Wakati mwingine inatosha, wakati mwingine haitoshi. Isipotosha, kubali. Kuwaadhibu watatu kwa sababu umeshindwa kumjua mmoja hakuwezi kusimama mbele ya mwamuzi yeyote wa Tume.

Sasa Wi-Fi. Ruta usiizime wala usibadilishe nywila kabla hujaingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio na kupiga picha orodha ya vifaa vilivyounganishwa, vikiwa na majina, anwani na saa. Ruta nyingi za maofisini huweka kumbukumbu hizo kwenye memori ya muda: umeme ukikatika mara moja, zimekwenda. Na kama saa ya ruta haijawahi kuwekwa sawa, utakuta kumbukumbu zinasoma 1970. Usishangae. Piga picha hivyo hivyo, ukiweka saa ya ukutani au ya simu kwenye fremu moja.

Orodha ile isikupe kiburi. Inathibitisha kwamba vifaa vya nje viliingia. Haithibitishi nani aliwapa nywila. Tangu Android 10 ya 2019, mtu yeyote aliyeunganishwa anaweza kuonyesha msimbo wa QR kwenye simu yake na mwingine akaskani, hata nywila isitajwe. Mteja aliyekaa kwenye benchi lako akisubiri mabati anaweza kuwa ndiye mlango. Hata anwani ya MAC, ile namba ya kifaa yenye herufi na tarakimu 12 ambayo mafundi wengi wanaiamini, siyo alama ya kidole tena. Android 10 kwenda juu, na iPhone kuanzia iOS 14, hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Ukitafuta anwani ya kweli ya simu ya karani kwenye orodha ya ruta, unaweza usiikute hata kama alikuwa ndani siku nzima.

Ushahidi wa biashara hii uko kwa wanunuzi. Kijana wa bodaboda ni shahidi wako, kwa hiyo usimfokee. Kaa naye, mwulize analipa nani, tangu lini, kwa mkono au kwa simu. Kama alituma kwa simu, ujumbe wa muamala uko kwenye simu yake mwenyewe, na yeye ana hiari ya kukuonyesha na kukuachia picha. Anachosema kiandikwe kwa maneno yake, asomewe, atie saini, na aulizwe kama atakubali kuja kwenye kikao. Wawili wanatosha kama wanasema jambo moja bila kufundishwa. Wale wa ofisini "wanaomtaja" karani nao waulizwe mmojammoja: umeona nini, siku gani? Anayejibu "kila mtu anajua" hajaona kitu.

Na kabla hujaweka bando lote juu ya kichwa cha karani, piga hesabu. Mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde, ambao ni video ya ubora wa kawaida kwenye simu, unakula MB 450 kwa saa. Simu nne zikitazama mechi nzima ya dakika 90, ni GB 2.7. Mechi ziko ngapi kwa wiki? Upande wa pili kuna wafanyakazi 14 ambao simu zao zinapofika ofisini zinaanza kupakia picha za likizo, kuhifadhi WhatsApp na kusasisha programu zenyewe, pamoja na masasisho ya Windows kwenye kila kompyuta. Huo si wizi, ni mipangilio. Na kama televisheni ya ofisini huwa inawekewa mechi Jumamosi kwa bando hilohilo, karani atalisema hilo kikaoni, na atakuwa na haki ya kulisema.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inataka kuachishwa kazi kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili, na mwenye kuthibitisha ni mwajiri. Ile ahueni ya mfanyakazi wa chini ya miezi 6 haikuhusu. Karani yuko mwaka wa tatu. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, ndizo zinazoeleza utaratibu, na mwamuzi wa Tume atakupitisha humo hatua kwa hatua. Je, kulikuwa na kanuni ya kazi? Ni ya haki na iko wazi? Mfanyakazi aliijua, au ilitarajiwa aijue? Inatumika kwa wote sawa? Adhabu inalingana na kosa?

Mkataba wako ni kimya kuhusu intaneti. Kwa hiyo mtu aliyeangalia video mchana kwa Wi-Fi ya ofisi huwezi kumfukuza: hukuwahi kumwambia asifanye, na huenda wewe mwenyewe umeliona kwa miezi bila kusema. Huyo ni wa kuzungumza naye, na baada ya kanuni kuandikwa, ni wa onyo. Kuuza mali ya mwajiri na kutia pesa mfukoni ni jambo jingine. Kanuni zenyewe zinakubali kwamba yako mambo yanayojulikana kiasi kwamba hayahitaji kutangazwa, na udanganyifu mkubwa umetajwa miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa hata kwa mara ya kwanza. Isitoshe, kuuzia umma huduma ya intaneti bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa la mawasiliano, na jina lililo kwenye mkataba wa laini ni la duka, si la karani. Kwa hiyo tuhuma ya karani ni nzito, lakini ni hiyo moja tu. Usichanganye na filamu wala na kompyuta ya stoo ambayo hata haitumii.

Jumatatu usimfukuze, mpe barua ya tuhuma. Iwe ya Kiswahili na iwe na kitu cha kushika. "Unatuhumiwa kutumia vibaya mali ya kampuni" ni barua ya kushindwa. Andika hivi: "Unatuhumiwa kwamba kati ya tarehe fulani na tarehe fulani uliwapa watu wasio wafanyakazi nywila ya Wi-Fi ya ofisi ya Gungu na kupokea kutoka kwao shilingi 500 kwa siku kwa manufaa yako binafsi, jambo ambalo ni udanganyifu." Weka tarehe, saa na mahali pa kikao, mweleze kwamba ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kuita mashahidi na kuwahoji wa kwako. Ambatisha maelezo ya mashahidi na picha za ruta. Kanuni zinataka apate angalau saa 48 za kujiandaa. Barua ikitoka Jumatatu asubuhi, kikao kiwe Alhamisi. Ukiona akiwa ofisini ataharibu ushahidi au kutisha mashahidi, msimamishe kwa barua, mshahara ukiendelea kamili. Kusimamisha bila mshahara ni adhabu kabla ya hukumu.

Wewe usiwe mwenyekiti. Uliongea na kijana wa kijiweni na ulichukua simu, kwa hiyo wewe ni shahidi. Mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya uongozi asiyehusika na tukio. Mkuu wa tawi la Kasulu anafaa kama hakuwa sehemu ya malumbano ya bando. Mama mwenye duka asikae kwenye kikao hicho hata akitamani kusikia, kwa sababu rufaa ya ndani itahitaji mtu wa juu ambaye hajasema lolote. Mtu mwingine aandike muhtasari, maswali na majibu yote. Tuhuma isomwe, ushahidi utolewe mbele ya mtuhumiwa, ajitetee. Mwenyekiti akimkuta na hatia, ampe nafasi ya pili ya kueleza ya kumpunguzia adhabu: muda aliofanya kazi, rekodi yake, hali yake. Watu wengi wanaruka hatua hii wakidhani ni adabu tu, kumbe ni sehemu ya utaratibu. Uamuzi utolewe kwa maandishi na sababu fupi. Kipimo cha ushahidi hapa si cha mahakama ya jinai. Inatosha kuonyesha kwamba yaelekea zaidi alifanya kuliko kwamba hakufanya. Ndiyo maana karani anaweza kuachishwa kazi kihalali hata kama polisi hawajamfikisha popote, na kwenda polisi hakukuondolei wajibu wa kikao.

Akiachishwa, ana siku 30 za kufungua mgogoro wa kuachishwa kazi kwenye Tume, kwa fomu namba 1. Mshahara wa siku alizofanya kazi na cheti cha utumishi ni haki yake hata akiwa na hatia. Usivishikilie kama dhamana.

Makato ya stoo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kwa namba za sheria kama ilivyopitishwa 2004 (kwenye matoleo ya marekebisho tafuta kichwa cha makato ya mshahara), kinaruhusu kukata kwa ajili ya hasara iwapo mfanyakazi amekubali deni kwa maandishi, na masharti yote haya yametimia: hasara ilitokea kazini na kwa kosa lake, umemweleza kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi ulivyokipata, amepewa nafasi ya kutosha kupinga, kiasi hakizidi hasara halisi, na makato hayavuki robo ya mshahara wake wa fedha.

Mpango wako unavunja karibu yote. Kugawa kwa tatu kunamaanisha huenda wawili wanalipia kosa la mmoja. Makato ya 300,000 hayawezekani: kwa mshahara wa 420,000 mwisho ni 105,000 kwa mwezi, kwa 480,000 ni 120,000. Na ile 1,800,000 ifumue. Bei ya diski mpya ina risiti; hiyo ni hasara. Malipo ya fundi yana risiti, hiyo pia. Saa za ziada za aliyeandika upya ankara zihesabiwe kwa kiwango chake halisi cha malipo. "Usumbufu" hauna risiti. Madeni ya wateja hayajapotea maadamu vitabu vya ankara vipo. Tuseme imebaki 900,000 na aliyeingiza programu amejulikana, amesikilizwa, amekubali na kusaini: kwa mshahara wa 420,000 atalipa 105,000 kwa miezi 8 na 60,000 mwezi wa 9. Akikataa kusaini, hukati. Unadai kwa njia ya Tume au mahakama.

Ila nakushauri usidai yote. Nywila ilibandikwa kwenye skrini machoni pako. Hapakuwa na nakala rudufu. Akaunti waliyopewa ilikuwa na uwezo wa kuingiza programu yoyote. Mwenyekiti makini atauliza nani alipanga hivyo, na jibu halitakuwa mtu wa stoo. Kwa mtu ambaye hakuwahi kukatazwa, onyo la maandishi pamoja na mchango mdogo wa gharama ya fundi vinatosha.

Baada ya hapo tengeneza mfumo ambao mwakani utakupa jina la mtu badala ya neno "stoo". Kwenye kompyuta kila mmoja awe na akaunti yake ya kawaida. Akaunti ya msimamizi ibaki kwako na kwa fundi. Kufunga flashi kunawezekana kwa sera za kikundi za Windows (mipangilio inayoamua watumiaji wanaruhusiwa nini), lakini toleo la Home halina kihariri chake, hivyo nunua Pro au mwombe fundi afanye kupitia rejista. Kumbukumbu za usalama zitoke MB 20 zipelekwe hata MB 200. Nakala rudufu ziwe kwenye diski mbili za nje zinazopokezana kila wiki, na baada ya kunakili zichomolewe, maana virusi hivi hufunga pia diski iliyochomekwa. Mara moja kwa mwezi fungua faili kutoka kwenye nakala, kwenye kompyuta nyingine, uone kama kweli linafunguka.

Kwa mtandao, nywila moja ya ofisi nzima ndiyo iliyokufikisha hapa. Ruta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wa mtandao wanazijua, zina huduma ya hotspoti inayompa kila mtu jina na nywila yake. Weka kila jina litumike kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja, mwenye simu na kompyuta apewe viwili, na kila mmoja awe na kikomo cha kasi na cha MB kwa mwezi. Karani akiuza jina lake, bando lake ndilo linalokwisha, na jina lililo kwenye kumbukumbu ni lake. Wageni wawe na mtandao wao wenye kasi ndogo, kompyuta za mauzo na Kasulu zipewe kipaumbele, na kitufe cha WPS, kinachoruhusu kifaa kuingia bila kuandika nywila, kizimwe. Kumbukumbu za MikroTik kwa kawaida hukaa kwenye memori, mistari 1,000 tu, kwa hiyo zielekezwe kwenye kompyuta nyingine.

Kisha kanuni, ukurasa mmoja au miwili, isizidi. Iseme vifaa na intaneti ni vya kazi, na matumizi binafsi ya kiasi yanaruhusiwa wakati wa mapumziko ndani ya kikomo (kuyakataza kabisa ni kuandika kanuni ambayo wewe mwenyewe utaivunja kesho). Ikataze kwa majina: kutoa au kuuza nywila, kutumia akaunti ya mwingine, kuingiza programu bila fundi, kuchomeka flashi ya nje, kutoa taarifa za wateja. Ionyeshe kipi ni cha onyo na kipi kinaweza kukuachisha mara moja. Iseme pia kifaa kikiharibika au ukibofya kitu kibaya, taarifu ndani ya saa moja, na anayetaarifu mapema hatahesabiwa kama aliyeficha. Kifungu hicho kimoja kingekuokolea mafaili mengi.

Usisahau kuwaambia kwamba mnarekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka mtu ajue taarifa gani zake zinakusanywa na kwa nini, na anayekusanya ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andika wazi: tunarekodi jina la mtumiaji, muda, kiasi cha data na tovuti, tunazitunza miezi 3 kisha tunafuta, hatusomi ujumbe wa mtu.

Kila kifaa kiwe na fomu ya makabidhiano yenye namba ya kiwandani, hali yake, chaja, jina na saini. Pikipiki na jenereta vivyo hivyo, ukiongeza kilomita au saa na lita za mafuta.

Wafanyakazi wote 14 wasomewe kanuni kikaoni, waulize maswali, kila mmoja asaini nakala yake. Nawe na mama msaini za kwenu. Asiyetaka kusaini usimlazimishe: andika chini ya jina lake "amesomewa tarehe fulani, amekataa kusaini", mashahidi wawili watie saini hapo, na nakala aondoke nayo.